Muhuri wa Ahabu na namba yako ya NIDA



Habari ya Nabothi katika kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 21, wengi tunaijua kama habari ya shamba. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu lililokuwa karibu na nyumba yake ya kifalme. Mwenye shamba akakataa kuuachilia urithi wa baba zake. Mwisho wa yote mwenye shamba akauawa na mfalme akaenda kulimiliki. Mahubiri mengi huishia kwenye tamaa ya mfalme na ukatili wa mkewe, Yezebeli, na mahubiri hayo ni sahihi. Lakini Jumapili ya leo nakuomba uitazame silaha iliyotumika. Kabla jiwe la kwanza halijarushwa, Nabothi alikuwa amekwisha kuuawa kwa barua.

Yezebeli aliandika barua kwa jina la mumewe, akazipiga muhuri wa mumewe, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji aliokaa Nabothi. Barua ziliagiza itangazwe mifungo, Nabothi aketishwe mbele ya watu, kisha watu wawili waovu wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Wazee walifanya kama barua zilivyosema. Mtu asiye na hatia akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe.

Kwa lugha ya leo, barua zile zilikuwa za mtu aliyetumia utambulisho wa mwingine. Jina halikuwa lake, muhuri haukuwa wake, na waliozipokea waliziheshimu kwa sababu ya alama iliyokuwa juu yake. Katika habari hiyo wamo watu wa aina nne: aliyeutumia muhuri usio wake, mwenye muhuri aliyeacha utumike, wazee waliotii bila kuuliza, na Nabothi aliyelipa gharama. Wote wanne tunaishi nao mitaani kwetu, na wakati mwingine mmoja wao ni sisi wenyewe.

Muhuri wetu wa leo

Kwa Mtanzania wa leo, kitu kinachokaribia sana muhuri ule ni Namba ya Utambulisho wa Taifa, ile tunayoiita kwa kifupi namba ya NIDA. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ilitungwa mwaka 1986, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ikaanzishwa mwaka 2008, na vitambulisho vya kwanza vikaanza kutolewa mwaka 2013. Kwa miaka kadhaa wengi tulikiona kitambulisho kile kama kadi nyingine tu ya kuweka kwenye pochi.

Mambo yalibadilika Mei 1, 2019, ulipoanza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho wa zoezi ulipangwa kuwa Desemba 31 mwaka huo, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo namba ya NIDA imekuwa mlango wa karibu kila kitu. Bila hiyo hupati laini, na bila laini huna M-Pesa wala huduma nyingine ya fedha kwa simu. Ndiyo inayotakiwa unapofungua akaunti ya benki, unapoomba namba ya mlipakodi, unapoomba pasipoti, hata unaposajili kampuni.

Namba yenyewe ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyeiona namba yako amekwisha kujua umri wako kabla hujamwambia lolote. Ukimpa na picha ya kitambulisho chote, amepata jina lako kamili, sura yako na sahihi yako. Hebu jiulize, tangu mwaka 2019 umewapa watu wangapi kopi ya kitambulisho hicho?

Wapo waumini wanaoziogopa namba hizi kwa sababu nyingine. Jirani zetu Kenya, wakati wa Huduma Namba mwaka 2019, walikuwapo Wakristo waliokataa kuandikishwa kwa kuhofu alama ya mnyama katika kitabu cha Ufunuo. Sidhani kwamba kuhesabiwa na Serikali ni dhambi. Luka anatueleza katika sura ya 2 kwamba Yusufu alikwenda Bethlehemu pamoja na Mariamu ili waandikwe kwa amri ya Kaisari, na Mwokozi wetu alizaliwa katika safari hiyo ya kuandikishwa. Hatari iliyo karibu zaidi nasi ni uzembe wa mwenye namba na ujanja wa anayeiwinda.

Yezebeli wa kibandani

Aliyeutumia muhuri usio wake hakuvunja kabati la ikulu. Alikuwa mtu wa ndani, mwenye nafasi ya kuushika. Wizi wa namba za watu nao huanzia hivyo mara nyingi, kwa mtu uliyemfuata mwenyewe akuhudumie.

Chukua mfano wa mama lishe anayekwenda kwa wakala chini ya mwavuli, kando ya stendi, kurudisha laini iliyopotea. Wakala anamwambia aweke kidole. Anaweka. Anaambiwa kidole hakijasoma, afute jasho, aweke tena. Anaweka mara ya pili na ya tatu, kisha anashukuru na kuondoka na laini yake. Asichojua ni kwamba kidole kilisoma tangu mara ya kwanza, na zile mara nyingine zilisajili laini ya pili ambayo yeye hataiona kamwe. Laini hiyo inauzwa. Aliyeinunua anaanza kutuma ule ujumbe tunaoujua sote, wa kuomba ile hela itumwe kwenye namba hii. Siku mtu aliyetapeliwa akifika polisi na namba ikafuatiliwa, jina litakalotokea ni la mama lishe. Yeye ndiye Nabothi wa habari hii. Mashahidi dhidi yake ni mashine, na mashine haikudanganya. Imesema kile ilichoandikiwa.

Isaka katika Mwanzo sura ya 27 alikutana na jambo la namna hii. Alikuwa mzee, macho hayaoni. Alisikia sauti ya Yakobo, akashuku. Akaomba kumpapasa aliyekuja mbele yake, akagusa ngozi za wana-mbuzi zilizofungwa mikononi, akaridhika kwamba ni Esau. Baraka ikamwendea mtu mwingine. Shaka yake ilikuwa ya kweli, lakini aliinyamazisha kwa sababu kipimo cha mkono kilikubali. Sisi nasi tumeambiwa kwamba alama ya kidole haidanganyi, basi tunadhani kwamba kila kilichofanyika baada ya kidole kuwekwa ni halali. Kidole kinathibitisha kwamba ulikuwapo. Hakithibitishi kwamba ulijua unachokubali.

Kuna na wale wanaopiga simu. Anakuita kwa majina yako yote matatu, anakutajia mtandao unaotumia, anasema laini yako inafungwa leo usipomtajia namba uliyotumiwa sasa hivi. Watu wengi hulegea kwa sababu moja tu: huyu ananijua jina. Lakini jina lako analo kila mtu uliyemwachia kopi ya kitambulisho. Yesu katika Yohana sura ya 10 anafundisha kwamba kondoo humfuata mchungaji kwa sababu wanaijua sauti yake, na mgeni humkimbia. Kujua jina la kondoo hakumfanyi mtu kuwa mchungaji. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekwisha kutueleza kwamba huduma kwa wateja wa mitandao ya simu hupiga kwa namba 100. Anayepiga kwa namba nyingine na kutaka namba yako ya siri, huyo ni mgeni. Kata simu.

Mlango wa tatu ni mikopo ya mtandaoni. Mtu ana shida ya ada ya mtoto, anapakua programu inayoahidi fedha ndani ya dakika chache. Programu inataka namba ya NIDA, picha ya uso na ruhusa ya kuona majina yote yaliyo kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, ndugu, mwajiri na hata mchungaji wake wanaanza kupokea ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuzifungia programu ni hatua nzuri. Lakini taarifa ambazo watu walikwisha kuzijaza humo hazirudi nyumbani kwa sababu programu imefungwa.

Ahabu aliyelala kitandani

Sasa tuje kwa mwenye muhuri. Biblia inatuambia kwamba Ahabu alikuwa amelala kitandani, amegeuza uso, hataki kula. Mkewe akamwambia ainuke, ale, na shamba atampatia. Hatusomi popote kwamba aliuliza litapatikanaje. Hatusomi kwamba alisema nirudishie muhuri wangu. Alisubiri matokeo. Na Mungu alipomtuma Eliya Mtishbi, alimtuma kwanza kwa Ahabu, akamkuta ndani ya shamba lenyewe, akamtwika yeye damu ya Nabothi. Yezebeli naye hukumu yake ilitajwa, lakini mwenye muhuri hakuambiwa kwamba yuko huru kwa kuwa hakuandika barua kwa mkono wake.

Hapa panatuuma, maana wengi wetu tumewahi kuazimana vitambulisho. Mwaka 2019 na 2020 foleni nje ya ofisi za NIDA zilikuwa ndefu, watu walilala nje, wengine namba zao hazikutoka kwa miezi. Laini ilikuwa inazimwa, biashara ilikuwa kwenye laini. Mpangaji akamwambia mwenye nyumba, mama nisaidie kidole chako. Kijana akamwomba bibi yake. Mfanyakazi wa ndani akasajiliwa na bosi. Walifanya kwa upendo, na sitaki mtu asome safu hii akadhani namhukumu bibi aliyemsaidia mjukuu. Serikali nayo ina sehemu yake hapa: ukiweka tarehe ya mwisho mbele ya watu ambao hujawapa nyaraka unayoidai, umewafundisha kuazimana. Kama tutawekewa tena tarehe kama hizo, vitambulisho vitangulie.

Lakini upendo ule uliacha deni. Yule mpangaji alikwisha kuhama zamani. Yule mfanyakazi alikwenda kwao, laini akampa shemeji yake. Leo kuna laini zinazotembea mikoani kwa majina ya watu wasiozijua ziko wapi. Mithali sura ya 6 inamwonya mtu aliyejifunga kwa kumdhamini mwingine, na inamhimiza asilale usingizi mpaka amejinasua. Dhamana ya zamani ilikuwa ya fedha, nawe ulijua kiasi. Anayekuazima jina hakuambii atalitumia kwa kiasi gani.

Kuna na wanaoweka muhuri rehani. Katika Mwanzo sura ya 38, Yuda alimwachia mwanamke asiyemtambua muhuri wake, kamba yake na fimbo yake, kama rehani ya mwana-mbuzi mmoja. Vitu vitatu vilivyomtambulisha mbele za watu alivitoa kwa thamani ya mwana-mbuzi. Tunacheka, huku walimu, wastaafu na watumishi wengine wamewaachia wakopeshaji wa kausha damu kadi zao za benki pamoja na namba za siri. Mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine mwisho wa mwezi, mwenye mshahara anasubiri kugawiwa. Katika kundi hili hakuna aliyeibiwa. Kila mmoja ametoa mwenyewe kwa sababu ya shida, na shida haina aibu. Ila tuambizane ukweli, kwamba siku ile umempa mtu uwezo wa kuwa wewe.

Neno moja la tahadhari. Si kila ambaye namba yake imetumiwa vibaya ni Ahabu. Mama lishe wetu wa pale stendi hakutoa muhuri kwa hiari, aliporwa huku akidhani anahudumiwa. Tusiwaongezee waliotapeliwa mzigo wa lawama. Mwenye kujilaumu ni yule aliyejua, akageuza uso ukutani, akasubiri faida.

Wazee waliotii muhuri

Kundi la tatu ndilo tunalolisahau. Wazee wa mji wa Nabothi walipokea barua yenye muhuri wa mfalme, wakatekeleza. Lakini tazama jambo dogo lililo katika mstari wa 14. Kazi ilipokwisha, walipeleka taarifa kwa Yezebeli. Barua zilikuwa kwa jina la Ahabu, majibu yakaenda kwa mkewe. Kwa hiyo walijua, au walau walihisi, nani hasa alikuwa nyuma ya muhuri. Waliona kwamba muhuri unatosha kuwakinga wao, wakaacha kuuliza maswali.

Wazee wa leo ni kila ofisi inayotosheka na namba. Ni wakala anayesajili laini kwa kopi aliyoletewa, mkopeshaji anayetoa fedha kwa mtu ambaye hajamwona, karani anayeingiza jina bila kumwita mwenye jina. Kosa lao ni moja: wanachanganya namba inayosema wewe ni nani na ushahidi kwamba kweli ni wewe. Namba ni kama jina. Jina langu linajulikana mtaa mzima, na hakuna anayeweza kuingia nyumbani kwangu kwa sababu tu analijua. Ufunguo ndio unaofungua.

Marekani ililijifunza jambo hili kwa njia ya kuchekesha. Nchi ile ilianza kutoa namba za Social Security mwaka 1936 kwa ajili ya hesabu za pensheni. Mwaka 1938 kampuni moja ya kutengeneza pochi mjini Lockport, New York, iliweka ndani ya pochi zake kadi ya mfano ili wateja waone mahali pa kuweka kadi zao. Kiongozi mmoja wa kampuni akaona vyema kutumia namba halisi ya katibu wake. Kadi ile ilikuwa nusu ya ukubwa wa kadi ya kweli, imechapwa kwa wino mwekundu, na imeandikwa wazi kwamba ni mfano tu. Hata hivyo, wanunuzi wengi wakaichukua namba ile kuwa yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wakiitumia. Kwa jumla ya miaka yote walifika zaidi ya 40,000, na mwaka 1977 walikuwa wamebaki 12. Mwenye namba alilazimika kupewa namba mpya. Watu wale wengi hawakuwa wezi, walikuwa wamekosea tu. Lakini ofisi zilizowaandikisha zilipokea namba, zikaridhika.

Kuanzia mwaka 1946 kadi zile ziliandikwa kwamba si za kumtambulisha mtu. Maandishi hayo yakaondolewa mwaka 1972, maana kila ofisi ilikuwa inaitumia namba ile kumtambulisha mtu. Na mwaka 2017 wadukuzi walipoingia kwenye kampuni ya Equifax, inayotunza kumbukumbu za mikopo, taarifa za watu wapatao milioni 147 zilichukuliwa, zikiwamo namba hizo. Ukishaifanya namba moja kuwa ufunguo wa kila mlango, siku ikivuja milango yote iko wazi, na mtu hawezi kubadilisha tarehe yake ya kuzaliwa.

Somo hilo linatuhusu, maana Serikali yetu nayo imeeleza nia ya kumpa kila mtu namba moja tangu anapozaliwa. Nia hiyo ina faida. Ila wenye mamlaka watazame wenzetu walipojikwaa. India, yenye namba ya Aadhaar, ilianzisha mwaka 2018 utaratibu wa namba ya muda ambayo mwananchi anaweza kuitoa mahali pa namba yake halisi, kisha akaibadilisha. Nasi tungeweza kuwa na utaratibu mwepesi zaidi: namba yako ya NIDA ikitumika kusajili laini, kufungua akaunti au kuchukua mkopo, upate ujumbe papo hapo kwenye simu yako. Nabothi hakupata nafasi ya kuzisoma barua zilizoandikwa juu yake. Mwananchi wa leo anaweza kupewa nafasi hiyo.

Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaifanya kuwa kosa kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Sheria hii inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa sababu inayojulikana, asichukue zaidi ya anachohitaji, azitunze zisivuje, na ajisajili kwa Tume. Inakupa wewe haki ya kujua taarifa zako zilizopo kwake na kutaka zisahihishwe. Kwa hiyo ukiulizwa kopi ya kitambulisho, una haki ya kuuliza ni ya nini na itawekwa wapi. Kuuliza hivyo si ukorofi.

Na kanisa je?

Hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu. Makanisa yetu ni watunzaji wakubwa wa taarifa za watu. Tuna vitabu vya ubatizo na ndoa, orodha za bahasha, fomu za semina, orodha za wagonjwa wa kuombewa. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vina kopi za vitambulisho vya wanachama wote kwenye bahasha moja ya kaki nyumbani kwa mweka hazina. Na kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, katibu anaandika: wapendwa, kila mmoja atume namba yake ya NIDA hapa tufungue akaunti ya kikundi. Ndani ya saa moja namba arobaini zimepangwa mstari, mbele ya watu mia mbili, wakiwamo waliohama na ambao simu zao zimeuzwa.

Kisha kuna karatasi zetu. Nani kati yetu hajawahi kununua karanga au vitumbua vilivyofungwa kwenye fomu ya mtu, yenye jina, namba ya simu na hata picha? Fomu ile ilitoka kwenye ofisi fulani, shule fulani, labda kanisa fulani. Mtu alimwamini mtu mwenzake na taarifa zake, zikaishia kwenye mafuta ya vitumbua.

Paulo anafundisha katika 1 Wakorintho sura ya 4 kwamba kinachotakiwa kwa wakili ni kuonekana mwaminifu. Kopi ya kitambulisho cha mshirika ni amana kama sadaka yake ilivyo. Tunahesabu sadaka watu watatu, tunaandika, tunafunga kwenye sefu. Basi karatasi zenye namba za watu zifungiwe vivyo hivyo, na zisizohitajika zichomwe. Katibu wa jumuiya apokee namba za watu mmoja mmoja, ofisini, akazipeleke benki, zisibaki kwenye simu yake.

La kufanya wiki hii

Mpendwa, usiiache safu hii kwenye gazeti. Kwanza, piga *106# kwenye simu yako uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika uikane, iondolewe. Msaidie na mzazi wako afanye hivyo, kwa maana wazee wetu ndio wanaoambiwa mara nyingi kwamba kidole hakijasoma.

Pili, laini uliyomsajilia mtu mwingine, mtafute. Kama sasa ana kitambulisho chake, nendeni pamoja asajili kwa jina lake. Na kesho akija mwingine kukuomba kidole, usimwambie hapana ukafunga mlango. Mwambie, twende nikusindikize NIDA, twende kwa mwenyekiti wa mtaa tukapate barua. Kumpotezea ndugu nusu siku yako ni upendo mkubwa kuliko kumpa jina lako, maana anarudi nyumbani akiwa na jina lake mwenyewe.

Tatu, ukitoa kopi ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu kazi ya kopi hiyo na tarehe, bila kufunika maelezo. Kopi iliyoandikwa kwamba ni ya kupanga chumba haitamfaa sana anayetaka kukopa nayo. Picha ya kitambulisho uliyoituma kwa mtu wa steshenari akuchapie, simama hapo mpaka aifute.

Nne, ujumbe wa kitapeli ukiingia, usiishie kucheka. Peleka namba hiyo TCRA kupitia 15040. Anayetumiwa ujumbe huo baada yako huenda ni mtu aliyetoka kuuza gunia lake la mwisho la mahindi. Na kitambulisho kikipotea, kachukue taarifa ya kupotelewa polisi mapema, ili kama kitatumika vibaya kuwe na tarehe inayokutetea.

Tano, kama wewe ndiwe uliyeshika muhuri wa watu, wakala, karani, mwalimu, mhasibu, mchungaji, kumbuka wale wazee. Hakuna aliyewatishia upanga. Swali moja tu, la kumwita Nabothi na kumsikiliza faraghani, au la kwenda kwa mfalme na kumuuliza kama barua ni yake, lingeokoa maisha ya mtu. Waliona kuuliza ni usumbufu. Mteja akiwa mbele yako na jambo likakutia shaka, uliza. Kama hakuna shaka, bado mwambie anachokiwekea kidole.

Shamba la Nabothi lilirithiwa kutoka kwa baba zake, ndiyo maana aliona haliuzwi. Jina lako nalo ulipewa na wazazi, likaombewa siku ulipobatizwa au kuwekwa wakfu, na ndilo Mungu analokujua kwalo. Namba ile ya tarakimu 20 imeshikamanishwa na jina hilo. Itunze kwa moyo uleule, na utunze za wengine ulizoaminiwa.

Tuombe. Ee Mungu unayetujua mmoja mmoja, uwalinde wanyonge ambao majina yao yametumiwa kwa uovu wasioujua. Uwape ukweli wao kujulikana. Utupe sisi uaminifu wa kutunza tuliyokabidhiwa, na ujasiri wa kuuliza pale tunapoona muhuri usioendana na mkono uliouleta. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.